Benchi la Wavuta Sigara Lilipouzwa Melini

Watoto wangu wamenikataza kuandika majina. Wanasema, mama, utatushitakisha, hao watu bado wapo na wana mawakili. Sawa. Majina sitaandika. Nitawataja kwa kazi zao na kila mmoja atajijua. Wa kwanza ni karani wa mizigo wa meli. Wa pili ni tajiri wa magodoro. Wa tatu ni serahangi, yaani yule mkubwa wa mabaharia anayesimamia kamba na kupanga abiria wa chini. Wa nne ni mwanaume mmoja wa upande wa Kisesa, aliyevaa koti la kijani siku ile, ambaye hatukuwahi kumkosea kitu hapa duniani. Hao ndio waliotaka kumuua mama yangu kwa sababu ya sigara ambayo haikuunguza kitu.

Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea.

Wakati huo tulikaa Mabatini, pale Mwanza, mimi na mama, chumba kimoja cha kupanga. Mama alikuwa mtu wa visiwani, Ukerewe, na biashara yetu ilikuwa ya kwenda na kurudi. Tunapeleka mitumba na sabuni, tunarudi na machungwa. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, ilikuwa kama nyumba yetu ya pili. Tulijua bati gani linavuja na choo gani hakifungi.

Nyuma kabisa ya meli, upande wa chini, palikuwa na benchi refu la mbao. Pembeni yake ndoo nyekundu ya mchanga, na ukutani kibao: VUTIA SIGARA HAPA TU. Mama hakujua kusoma, lakini kibao hicho alikijua kama unavyomjua mtu kwa sura. Sheria ilikuwa hiyo na wote tuliifuata. Ukitaka kuvuta unanyanyuka ulipokaa, unapita katikati ya matenga ya kuku na watoto waliolala, unakwenda nyuma. Upepo unachukua moshi unaupeleka ziwani. Ukimaliza unazima kwenye mchanga, unarudi kwa mzigo wako. Hakuna aliyegombana na mtu.

Pale kwenye benchi palikuwa na kijiji chake. Wachuuzi wa ng'ombe, wanachuo wa ualimu wa Butimba waliokuwa wakijificha wakufunzi wao wasiwaone, mzee mmoja Msukuma mwenye kiko kirefu cha udongo, na wanawake wa visiwani wa umri wa mama yangu, ambao wanavuta kwa namna yao. Namna hiyo lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Wanawake wale huvuta sigara moto ukiwa ndani. Wanaiwasha kama mtu yeyote, wanavuta mara moja, kisha wanaigeuza. Kichwa cha moto kinaingia mdomoni, midomo inafumba, nje kinabaki kipande kidogo cheupe au hakibaki kitu. Ulimi unakaa chini, hauugusi moto. Moshi unatoka puani taratibu. Mama alifundishwa na mama yake wakiwa ndani ya mtumbwi, kwa sababu kule ziwani upepo unamaliza sigara kabla yako, maji yanaruka, na mikono yote miwili imeshika kafi. Na lipo la pili, la heshima. Mwanamke hawezi kumpulizia baba mkwe moshi usoni. Moto ukiwa ndani, baba mkwe anapita, anaamkiwa shikamoo, anaitika marahaba, anakwenda zake na hakuona kitu. Mama aliweza kukoroga uji, kubishania bei ya machungwa, hata kunitukana mimi, na moto umo mdomoni.

Mzee wa kiko hakuchoka kumtania.

"Wewe mama, huo moto unauvuta au unaula?"

"Ninapikia ugali wako humu. Subiri uive."

"Marehemu mzee wa nyumbani alikuwa anakukaribia vipi?"

"Kwa ndoo ya maji."

Benchi zima linacheka, mama naye anacheka kwa pua, midomo haifunguki. Mpaka leo nikifumba macho nausikia mcheko ule wa puani.

Kisha ikaja ruksa, serikali ilipoachia biashara mikononi mwa watu binafsi. Watu wa mjini wanaukumbuka wakati ule kwa soda za kopo, video na viatu vya raba. Mimi naukumbuka kwa benchi. Meli ilikabidhiwa kwa mtu binafsi, na mwenye meli alikaa mbali, hatukumwona hata sura. Aliyetawala ni karani wa mizigo. Kabla ya hapo alikuwa kijana mpole wa kuandika vitu kwenye karatasi, anakusaidia hata kubeba furushi. Siku meli ilipokuwa ya mtu, naye akawa mtu mwingine. Kila sehemu iliyo wazi ndani ya meli aliiona kama shamba lake. Njia ya kupita akaijaza mizigo. Chumba cha kina mama wanaonyonyesha akakijaza mizigo. Halafu akatazama nyuma, akaona benchi.

Ndipo alipokuja tajiri wa magodoro. Msidhani alikuwa Mhindi. Wahindi wa Mwanza wamesingiziwa mengi. Huyu alikuwa mtu wetu kabisa, amezaliwa kwenye nyumba ya udongo kama mimi. Alikuwa anapeleka visiwani magodoro ya sponji, na mapipa ya petroli kwa ajili ya injini za mitumbwi, maana sangara alikuwa ameanza kununuliwa na viwanda na kila mvuvi alitaka injini. Karani akampa nyuma ya meli yote. Tulifika asubuhi moja tukakuta mabaharia wanang'oa benchi kwa mtaimbo. Kibao kikatupwa majini. Ndoo ya mchanga wakaimwaga, wakaigeuza ya kuoshea samaki wao.

Mzee wa kiko akauliza, "Sasa sisi tukavutie wapi?"

Karani akamjibu bila kumtazama, "Kavutieni kwenu."

Sheria mpya ikawa hivi: chini hakuna kuvuta kabisa, popote. Juu, daraja la kwanza, ruksa. Na daraja la kwanza lilikuwa nyuma hukohuko, juu ya lile benchi lilipokuwa, na lina uzio wa chuma ambao watu wanauegemea wakinywa bia. Yaani wavutaji wa juu wanasimama juu ya magodoro na petroli, wanavuta, na sisi wa chini ndio tunaokatazwa kwa usalama wetu. Hata mtu wa darasa la nne aliliona hilo. Nilimwambia karani, akasema, "Mama wee, umekuja kupanda meli au kuikagua?"

Lakini miguu ya watu ina mazoea yake. Wavutaji waliendelea kwenda nyuma kulekule, wakasimama kati ya magodoro, kwa kuwa ndiko walikokwenda miaka yote. Serahangi akapewa kipande cha mpira wa maji, ule mzito wenye waya ndani, na kazi yake ikawa kuwachapa. Alikuwa mtu mkubwa, shingo kama gunia, na kabla ya hapo nilikuwa nimemwona akipiga paka tu. Sasa akapata watu. Alipiga wanachuo, alipiga wachuuzi. Watu wakazoea. Wengine wakawa wanaangalia kama sinema, wanamhesabia viboko kwa kelele.

Siku aliyompiga mzee wa kiko, kiko hakikuwa na moto. Mzee alikuwa amekiuma tu, kwa mazoea, ameegemea pipa.

"Wewe mzee, unavuta."

"Sijawasha, mwanangu. Tazama."

"Mimi ni mwanao? Mimi nimezaliwa na wewe?"

Akampiga na ule mpira mdomoni, na kiko kikiwa humohumo. Udongo ulipasuka na meno yakatoka pamoja nao. Mzee alikaa chini akawa anatema vipande kwenye kiganja, anavichambua, kipi ni kiko na kipi ni yeye. Serahangi akampiga teke la mbavu. Mzee yule hatukumwona tena melini.

Usiku huo nyumbani nilimwambia mama, acha. Nilimwambia kwa sababu ambayo haikuwa mpira wa serahangi. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimetoka mnadani Kisesa, nikapita mahali watu wamejaa kwenye nyumba moja. Bibi kizee alikuwa amekatwa mapanga mlangoni kwake. Mkono ulikuwa upande mmoja wa kizingiti, yeye upande mwingine. Nikauliza amefanya nini. Wakaniambia macho yake mekundu, kwa hiyo ni mchawi. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi umemla macho, basi ndiyo hukumu yake hiyo. Na wasemaji walikuwa wametulia kabisa, mmoja alikuwa anakula muwa.

Mama yangu macho yake yalikuwa mekundu. Moshi wa sigara unaotokea puani unapanda machoni. Na humo mdomoni anaweka moto wala haungui. Kwa watu wa visiwani hilo ni kama kutafuna karanga. Lakini meli siku hizo ilibeba watu wa kila mahali, watu wa bara waliokwenda kufuata sangara, ambao hawajawahi kumwona mwanamke akitoa kaa la moto mdomoni. Nikamwambia, "Mama, watu hawa wakikuona, wewe hutafika gatini."

Akasema, "Wataniona vipi? Si moto uko ndani?"

"Mama, nakuomba."

"Mwanangu, karani kaniondolea benchi. Unataka na wewe uniondolee mdomo?"

Alikuwa mbishi. Nilichukua sigara zake nikazificha, akanunua nyingine. Nikawa naenda naye kila safari, hata nikiwa mgonjwa, kwa ajili hiyo tu, kukaa mbele yake nimzibe watu wasimwone.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, meli imejaa kupita kiasi. Tulikaa karibu na magodoro kwa sababu hapakuwa na pengine. Magodoro yalikuwa mapya, mengi yamefungwa nailoni, mengine nailoni imechanika, yamepangwa usawa wa kifua cha mtu, chini ya uzio wa daraja la kwanza. Nyuma yake mapipa. Mama amewasha, amegeuza, amefumba. Jirani yetu wanawake wengine wawili wa visiwani, wenzake wa benchi, nao vilevile. Ukiwatazama unaona bibi watatu wanasinzia.

Mimi nilikuwa natazama juu. Tajiri wa magodoro alikuwa ameegemea uzio, suruali nyeupe, mkono mmoja chupa, mkono mwingine sigara ya kichungi. Anacheka na karani. Karani alikuwa ameligeuzia ziwa mgongo, tajiri ameelekea kwetu. Nikamwona akivuta mara ya mwisho, akakirusha kipisi kwa kidole, hivi, bila hata kuangalia. Kikashuka taratibu kikaingia katikati ya magodoro, pale nailoni ilipochanika. Nikapiga kelele, "Moto! Umetupa moto wewe!" Akanitazama. Nataka hili lisomwe vizuri: akanitazama, macho kwa macho. Kisha akageuka akajaza glasi ya karani.

Niliingiza mkono mpaka begani kukitafuta. Sikukipata. Moshi ukaanza, mwembamba, halafu mweusi, wa kunata, wa kukaba koo. Sponji haiwaki kama mbao, inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Tone moja liliniangukia kwenye mkono, kovu lake lipo hapa. Mtu akapiga kelele "Petroli!" na hapo meli ikawa machinjio. Wote walikimbilia mbele kwa mpigo. Niliona mwanaume akimkanyaga mke wake mwenyewe mgongoni ili apate kupanda juu ya mizigo. Niliona mwanamke akimng'ata mtu sikio amwachie njia. Meli ikainama upande, matenga ya kuku yakateleza, watu wakateleza juu ya kuku. Serahangi alikuwa anafungua njia kwa ule mpira, anapiga vichwa vyote sawasawa. Mtu akauliza ndoo ya mchanga iko wapi. Iko wapi! Ilikuwa imejaa magamba ya samaki.

Waliookoa meli ni mabaharia wawili wa chini, ambao waliyakumbatia magodoro yakiwa yanawaka wakayatupa ziwani, moja baada ya jingine, mazima na yanayowaka, mpaka nyuma yote ikabaki wazi na mapipa yamebaki peke yake, ya moto lakini hayajapasuka. Mmoja wao ngozi ya kifua ilibaki kwenye nailoni. Hao sina ubaya nao.

Moto ulipokwisha, watu wakawa wanakohoa na kulia. Ndipo karani akashuka ngazi. Alijua kabisa nani amepakia petroli juu ya meli ya abiria, nani ameng'oa benchi, nani ametupa kipisi. Mtu wa namna hiyo anahitaji mkosaji haraka. Akapaza sauti:

"Nani alikuwa anavuta sigara huku chini?"

Nikasema, "Ametupa huyo wa juu! Huyo mwenye suruali nyeupe, nimemwona!"

Tajiri akacheka. "Mimi niunguze mali yangu? Huyu mama kachanganyikiwa na moshi."

Watu wakamtazama yeye na suruali yake, wakanitazama mimi na kanga yangu iliyoungua. Walikwisha kuamua.

Karani akamwambia serahangi, "Wanuse midomo."

Basi serahangi akaanza upande mmoja, anamkamata mtu mashavu, anamminya. "Pumua!" Anayenuka anapigwa. Kila mtu alinuka moshi, meli nzima ilinuka moshi, kwa hiyo alipiga aliowataka. Nikamgeukia mama nikamwona bado midomo imefumba. Alikuwa na sigara ileile, au amewasha nyingine kwenye ile hofu, sijui. Wengine wakiogopa wanasali. Yeye alivuta. Nikamnong'oneza, "Itupe." Akatikisa kichwa, watu wanatazama, akiitoa wataiona. Nikawaona wale wenzake wawili wa benchi. Mmoja koo lake lilipanda likashuka. Alimeza. Moto, majivu, vyote. Machozi yakamtoka lakini uso haukutikisika. Wa pili naye akameza. Mama hakuwahi kumeza, serahangi alikuwa amemfikia.

"Wewe bibi. Pumua."

Mama akapumua kwa pua.

"Mdomo! Fungua mdomo!"

Akamminya mashavu kwa mkono mmoja mpaka midomo ikachomoza, na sigara ikatoka. Ikatoka nusu, ile nyeupe kwanza, halafu kaa jekundu, linawaka, juu ya ulimi wa mtu mzima aliye hai. Serahangi aliruka nyuma. Ndipo yule mwanaume wa Kisesa, wa koti la kijani, akasema, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeonyesha njia:

"Mnaona. Anatunza moto tumboni. Tazameni macho yake."

Macho ya meli nzima yalikuwa mekundu. Ya kwake mwenyewe yalikuwa mekundu kama nyanya. Lakini yalitazamwa ya mama tu.

"Mchawi!"

"Ndiye aliyeita moto!"

Nikasema, "Ni sigara tu! Wanawake wa kwetu wote wanavuta hivyo! Muulizeni huyu, muulizeni na huyu!" Nikawaonyesha wale wawili. Watu wakawageukia. Wale wakatikisa vichwa, midomo imefumba, hatumjui, hatuvuti. Baadaye sana mmoja alinifuata kuniomba radhi, akaniambia ulimi wake uliungua asile chumvi kwa muda mrefu. Nikamwambia basi leo meza tena, meza na hayo maneno, akaondoka.

Serahangi alirudi akampiga mama kwa ngumi ya taya. Nilisikia. Taya lililia kama kuni kavu ikivunjika, na uso wa mama ukahamia upande mmoja ukabaki huko. Mwanaume wa Kisesa akamvuta nywele. Mimi nikamrukia, nikamng'ata mkono mpaka meno yakakutana, nikatema kipande cha koti na kipande cha yeye. Akanipiga goti la tumbo. Mtu mwingine, sikumwona, akanipiga kichwani na kitu cha chuma. Nikawa naona miguu tu, miguu ya watu waliokuwa wanalia moto muda si mrefu, sasa inapiga. Walikuwa wanampiga kwa zamu. Wanawake pia. Mmoja alivua kiatu kwanza.

Nilikuwa nimeshika mguu wa mama, na nilikuwa nimeamua kwamba mguu huo siuachi. Hapo karani akazungumza. Sikubuni neno hata moja:

"Msimuulie humu. Sitaki kesi gatini. Mtoeni."

Serahangi akashika miguu, wa Kisesa akashika mabega. Walipomnyanyua nami nikanyanyuka, kwa kuwa sikuachia. Tajiri alikuwa bado pale juu kwenye uzio. Alikuwa ametia mikono mfukoni. Tulipita chini ya viatu vyake.

Maji yalinipokea kwa mgongo. Meli haikusimama, wala haikupunguza mwendo. Niliona watu wamejipanga wanatutazama, kama wanaoaga. Mimi nilijua kuogelea kidogo, mama alijua sana, lakini mtu mwenye taya lililoning'inia hawezi kufunga mdomo, na maji yalikuwa yanaingia. Kilichotuokoa ni mali ya tajiri. Magodoro waliyotupa yalikuwa yametapakaa ziwani, na yale yenye nailoni nzima yalielea vizuri kuliko mtumbwi. Nikamburuta mama mpaka kwenye moja, nikamlaza kifudifudi, uso pembeni, damu itoke nje isirudi ndani. Mimi nikaning'inia ubavuni. Kila baada ya muda nilikuwa naminya kisigino chake, na yeye anatikisa dole gumba kunijibu kwamba yupo.

Tuliokotwa na Mjaluo mmoja mvuvi aliyekuwa anakusanya magodoro. Alikuwa na matatu tayari ndani ya mtumbwi, amefurahi kweli. "Nikasema leo Mungu kanikumbuka kitanda," aliniambia, "kumbe kitanda kina wenyewe." Alipomwona mama uso, akaacha utani, akavua shati lake akamfunga kidevu.

Alitupeleka kambi yake ya wavuvi, kisiwa kidogo, na kesho yake nikaenda Nansio kwa mtumbwi kushitaki. Nilimkuta askari. Nikamtajia wote wanne, kwa majina wakati huo, maana nilikuwa sijapata watoto wa kunikataza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa hiyo petroli ya huyo bwana ndiyo inayotiwa kwenye boti yetu. Unataka nimkamate kwa kutembea?" Halafu akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ndogo, na hapo nilimwona kwamba si mtu mbaya, ni mtu mwoga, "Dada, watu wa meli walishuka jana wanasema walimtupa mchawi. Leo wewe unasema yupo hai. Usiwaambie wengine."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Moto umempita mdomoni haukumchoma. Ziwa limemmeza halikumzamisha. Kwa watu wale, kupona kwake ndio ushahidi. Angekufa, pengine wangesema tulikosea. Nilikwenda Mabatini kimyakimya kuchukua vyombo, nikakuta mlango umevunjwa, kitanda chake kimechomwa uani, na watoto wa jirani tuliokuwa tunawapa machungwa wakanikimbia. Nikaambiwa mwanaume wa koti la kijani alikuwa amefika kuuliza, bandeji mkononi. Alikuja na wenzake, na panga hawakulificha.

Kwa hiyo mama hakurudi bara. Nilimjengea kibanda kwenye kisiwa kile, nyuma ya kambi, ambako kila bibi anavuta moto ukiwa ndani na hakuna wa kushangaa. Taya lilijiunga lenyewe, vibaya. Chakula chake kikawa uji na samaki wa kupondwa. Maneno yake nilikuwa nayaelewa mimi tu. Na maneno yake yalikuwa yaleyale kila siku: nipeleke Mwanza. Nataka kuona soko. Nataka kuona mtoto wako anapobatizwa. Nimefanya nini mpaka nifungwe? Nilimkatalia. Alijaribu kutoroka na wavuvi, nikamfuata ziwani nikamrudisha kwa nguvu, nikamwambia mwenye mtumbwi yeyote atakayembeba nitatoboa mtumbwi wake, na walijua nitatoboa. Akaniita askari jela. Aliniita hivyo mbele ya watu, kwa lile taya lake, na watu wakawa wananiuliza, amesema nini? Nasema, amesema asante.

Karani ana nyumba ya wageni sasa, ya ghorofa. Tajiri anakaa kiti cha mbele kanisani na juzi amechangia mabati. Serahangi amezeeka, nimemwona gatini anaomba sigara kwa vijana. Wa Kisesa sijui yuko wapi na sitaki kujua, kwa kuwa ninaogopa nitakachofanya.

Mama alikufa miaka mingi baadaye, kwa homa, asubuhi, kitandani kwake, jua likiwa limeingia mpaka kwenye blanketi. Siku ile ya mwisho alikuwa amenigeuzia mgongo, hataki kunisemesha, kwa sababu ya Mwanza. Nilimwosha mwenyewe. Nilimkagua mwili wote, shingo, mikono, vidole. Vyote vilikuwa mahali pake. Hakuna panga lililomgusa.